Kileo na Upweke: Safari ya Ulevi kutoka Pwani hadi Somanda

Katika nchi ya Ntuzu, ambayo leo ni sehemu ya Bariadi katika Mkoa wa Simiyu, neno unga ni neno la chakula. Unga ni mtama uliosagwa, ni mahindi, ni muhogo. Ni ugali wa jioni na ni takrima ya mgeni. Nyumba isiyokuwa na unga ni nyumba yenye njaa, na mwanamke aendaye kwa jirani kuomba kibaba cha unga haoni haya, kwa maana kesho jirani huyo huyo aweza kuja kwake na ombi lile lile. Lakini katika vichochoro vya Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, tangu heroini ilipoingia katika miaka ya 1980, neno hilo limevaa maana ya pili. Mla unga wa huko ni mtu ambaye mara nyingi hana ugali. Hapana ajabu lugha kuazima neno la jikoni na kulipa kazi nyingine. Ajabu ni kwamba katika maana hii mpya unga haukopeshwi kwa jirani, wala hauliwi katika sinia moja.

Mtu wa Somanda, mahali ambapo jina lake limechukuliwa na hospitali ijulikanayo sana katika Bariadi, aweza kusema kwamba habari hii ni ya watu wa pwani, wenye bandari na majahazi, na kwamba kwao yeye shida ni mvua, bei ya pamba na wadudu. Msemo huo una ukweli wa leo, walakini hauna ukweli wa historia. Karibu kila kileo kilichofika katika Afrika ya Mashariki kutoka nje kilipanda bara kwa njia ya biashara, na kila kimoja kilikuwa chepesi kubebeka kuliko kile kilichokitangulia. Katika wepesi huo imo sehemu kubwa ya habari ya ulevi. Kileo kizito huhitaji watu wengi kukitengeneza, kukibeba na kukimaliza. Kileo chepesi hukaa katika mfuko wa mtu mmoja, na mtu huyo hamhitaji mwenzake tena.

Yafaa kuanza na pombe, kwa sababu ndiyo nzito kupita vyote. Pombe ya mtama haipatikani kwa haraka. Nafaka huloweshwa, huachwa iote, huanikwa, husagwa, hupikwa, huachwa ichachuke. Kazi hii huchukua siku kadhaa, na kwa desturi ni kazi ya wanawake, wenye mitungi yao, kuni zao na ujuzi wao. Ikisha kuiva haina maisha marefu. Siku chache tu nayo huwa kali kwa uchachu, haifai kitu. Kwa hiyo haiwekwi akiba, haisafirishwi mbali, na haiwezi kunywewa na mtu mmoja hata akitaka. Lazima watu waitwe. Usukumani watu hao walikuwa aghalabu ni wale waliokuja kulima shamba la mwenzao, majembe yakipanda na kushuka kwa mapigo ya ngoma, mchezo ambao hata leo wajulikana kwa jina la bugobogobo. Mtama nao ulikuwa na ukomo wake, kwa maana nafaka iliyoingia mtungini haikuingia ghalani. Mwaka wa njaa ulikuwa mwaka wa kiu vilevile.

Wazee hupenda kusimulia kwamba zamani hapakuwa na mlevi, na kwamba kijana hakuthubutu kugusa kata ya pombe mbele ya baba yake. Simulizi hiyo yapasa kupokewa kwa adabu na kwa tahadhari pia. Walevi walikuwapo, na wake zao walipigwa, na ugomvi wa kilabuni ulifika kwenye baraza za watemi. Lililokuwapo zamani na ambalo sasa limepungua si utakatifu wa watu, bali ni mipaka iliyotoka katika kileo chenyewe: uzito wake, uchache wake, na wingi wa macho yaliyomtazama mnywaji.

Bangi ilikuwa ya kwanza kuivuka mipaka hiyo. Mmea wenyewe asili yake ni Asia, na jina lake limekuja pamoja nao, kwa maana ndilo jina la Wahindi na Waajemi kwa matamshi ya Waswahili. Richard Burton, aliyetoka pwani mwaka 1857 pamoja na John Hanning Speke kwenda kutafuta maziwa makuu, aliikuta katika nchi ya Khutu imeota mbele ya nyumba za watu, na katika kitabu chake cha mwaka 1860 alieleza jinsi ilivyovutwa kwa kiko cha kibuyu chenye maji, na kikohozi na makelele yaliyoufuata moshi huo. Njia waliyoipita wasafiri hao ilikuwa njia ya pembe na watumwa, kutoka Bagamoyo na Saadani hata Tabora na Ujiji; na wapagazi wa njia hiyo walikuwa wengi wao Wanyamwezi, na Wasukuma pia. Speke mwenyewe aliiacha Tabora mwaka 1858 akaenda kaskazini hadi kuliona ziwa karibu na Mwanza. Mpagazi aliyebeba mzigo wa ratili sitini au zaidi hakuweza kubeba mtungi wa pombe. Lakini majani makavu hayana uzito, na mbegu zake hazina uzito kabisa. Hivyo bangi ilisafiri pale pombe isipoweza kusafiri.

Hata hivyo haikuwa bado kileo cha upweke. Kibuyu cha moshi kilipitishwa mkono kwa mkono. Mfano ulio mkubwa kupita yote ya bangi kuwa kifungo cha jamii ulitokea mbali na Usukuma, katika nchi ya Kasai, Kongo. Huko, kwa watu walioitwa Bashilange, mtawala Kalamba Mukenge alisimamisha mila mpya ambayo wafuasi wake waliitwa Bena Riamba, yaani wana wa bangi. Watu wa mila hiyo waliacha ulevi wa pombe, wakavuta bangi pamoja katika ibada na mikutano, na vijiji vilivyokuwa vikipigana vilifungwa katika amani moja. Hermann von Wissmann, Mdachi aliyefika huko mwaka 1881, aliandika kwamba mkosaji aliweza kuhukumiwa kuvuta bangi nyingi hata azimie. Hukumu hii yafaa kufikiriwa. Watu wale waliojenga umoja wao juu ya moshi walijua pia kwamba moshi ni adhabu. Hawakuhitaji daktari wa kigeni kuwaambia. Wissmann aliendelea na safari yake, akapita Nyangwe na Tabora, akatokea Saadani mwaka 1882. Miaka saba baadaye alirudi pwani hiyo hiyo akiwa na jeshi, kuvunja upinzani wa Abushiri, na huo ukawa mwanzo wa utawala wa Wajerumani kwa nguvu ya silaha.

Serikali za kikoloni ziliitazama bangi kwa macho ya mwajiri. Kibarua aliyelewa ni hasara ya shamba. Katika mkutano wa Geneva uliomalizika Februari mwaka 1925, wajumbe wa Misri walidai kwamba bangi iwekwe pamoja na afyuni katika vitu vya kudhibitiwa na mataifa, na mapatano yakatiwa sahihi. Tanganyika, iliyokuwa chini ya Waingereza kwa amana ya Shirika la Mataifa, ikapata sheria zake kwa mkondo huo. Sheria haikuung'oa mmea, iliuficha. Uvutaji uliokuwa wa barazani ukahamia vichakani, kibuyu cha watu wengi kikaacha nafasi kwa msokoto wa mmoja au wawili, na bei ikapanda kwa sababu ya hatari. Tarime, katika Mkoa wa Mara ulio jirani ya Simiyu, bangi imekuwa zao la kuuza, na mara kwa mara vyombo vya dola huteketeza mashamba yake. Kuhusu madhara yake, kumekuwa na kutia chumvi pande zote mbili. Wapo wasemao kila mvutaji ni mwendawazimu, na wapo wasemao ni jani tu kama mchicha. Wataalamu wa afya ya akili wamethibitisha jambo lililo kati ya hayo: aanzaye katika ujana, akavuta kila siku, na akavuta iliyo kali, anajiongezea hatari ya kupatwa na maradhi ya akili, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye maradhi hayo katika ukoo wake.

Kileo cha tatu katika safari hii ni gongo, nayo yastahili kuangaliwa kwa makini na watu wa nchi ya pamba. Mwaka 1890, katika Mkataba wa Brussels, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia pombe kali zisienee katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya Ikweta. Kwa miongo mingi ya ukoloni Mwafrika wa Tanganyika alikatazwa chupa ambayo Mzungu aliinywa hotelini bila kuulizwa. Katazo hilo lilikuwa na huruma ndani yake na dharau ndani yake, na ni vigumu kupima ipi ilizidi. Walakini maarifa ya kukeneka hayakukatazika. Gongo yahitaji chombo cha kuchemshia, bomba la kupitisha mvuke, maji ya kuupoza, na aghalabu sukari ya kuharakisha uchachu; vitu hivyo, debe, bomba na sukari, ni vitu vya dukani, navyo vilipanda bara kwa reli na magari. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, ikachukua pamba kwenda pwani na kurudi na bidhaa.

Tofauti ya gongo na pombe ya mtama si ukali peke yake. Gongo haichachi. Yakaa ndani ya chupa mwezi na mwaka, hubebwa chini ya kanzu, huuzwa kwa kipimo kidogo usiku, na mnywaji aweza kuimaliza peke yake nyuma ya nyumba. Pamba nayo, tofauti na mtama, humpa mkulima fedha mara moja tu kwa mwaka, katika msimu wa mauzo. Na fedha hiyo ikija kwa mkupuo, humkuta muuza gongo amekwisha kufika. Mtama ulimlazimisha mnywaji kuchagua baina ya ghala na mtungi mbele ya mkewe na watoto. Fedha ya pamba huweza kuchaguliwa gizani. Baada ya uhuru serikali ilitunga sheria mpya ya mwaka 1966 juu ya utengenezaji wa gongo, ambayo katika vitabu vya sheria yaitwa kwa jina la moshi, na mahakama za wilaya hazijakosa kesi zake tangu hapo.

Hatari kuu ya gongo imo katika kutojulikana kilichomo. Mkenekaji hana kipimo, na mchuuzi mwenye tamaa huongeza spiriti ya viwandani. Methanoli, iliyo ndugu wa kileo cha kawaida kwa harufu na sura, ikiingia mwilini hugeuka asidi inayoua mshipa wa jicho. Mnywaji huamka asubuhi akidhani bado ni usiku. Novemba mwaka 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100 kwa siku chache, na wengine wengi wakabaki vipofu. Hao hawakuwa watu waliotafuta kifo. Walitafuta kileo cha bei rahisi baada ya kazi.

Halafu ukaja unga. Heroini ilitengenezwa kwanza London mwaka 1874 kutokana na mofini, ambayo nayo hutokana na utomvu wa mpopi, na kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuiuza mwaka 1898 kuwa dawa ya kikohozi. Ilichukua miaka michache tu kujulikana kwamba dawa hii yamfunga mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe. Ikiingia katika ubongo hushika mahali palepale panaposhikwa na vitu ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe kwa kutuliza maumivu. Na mwili, ukiona kazi yake yafanywa na mgeni, huiacha. Ndipo kipimo cha jana hakitoshi leo, na siku kikikosekana mwili mzima hudai: mifupa huuma, tumbo huharisha, makamasi na machozi hutoka, usingizi hukimbia. Hali hii vijana wa pwani wameiita arosto. Mwenye arosto hatafuti tena starehe. Anatafuta kuwa kama watu wengine kwa saa chache. Jambo hili halieleweki kwa watu wengi wanaomhukumu, nao hudhani kwamba mtu aibaye sufuria ya mama yake huiba kwa ajili ya anasa.

Njia yake ni njia ya zamani. Unga hutoka Afghanistan, hushuka pwani ya Makran, hupakiwa majahazini na kuvuka bahari ile ile iliyoleta vyombo vya kaskazi kwa karne nyingi. Mwezi Januari mwaka 2012 zilikamatwa Lindi kilo zipatazo 210 za heroini, na mwezi Aprili mwaka 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikamata kilo 1,032 katika jahazi moja nje ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Mzigo wa jahazi ukifika nchi kavu hugawanywa, ukagawanywa tena, hata uwe kete: karatasi iliyokunjwa, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hapo kileo kimefika mwisho wa wepesi. Kete haina harufu ya kilabu, haina moshi wa kibuyu, haihitaji ngoma wala msimu wala jirani. Na kitu kipitacho katika mkunjo wa karatasi hakizuiliwi na umbali. Barabara ya lami itokayo Lamadi kwenda Bariadi hupitisha mabasi kila siku, na kila abiria ana mifuko.

Mwanzoni watumiaji wa pwani waliivuta pamoja na tumbaku au bangi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, ulipoingia unga mweupe, wengi wakaanza kujidunga, na sindano moja ikapita kwa watu kadhaa. Katika jambo hili kuna kisa ambacho historia ya ulevi ya Afrika ya Mashariki haina kisa cha huzuni kukizidi. Mwaka 2005 wachunguzi waliripoti kwamba baadhi ya wanawake maskini wa Dar es Salaam, wasioweza kununua kete, walipewa na wenzao damu iliyovutwa ndani ya sindano mara tu baada ya mwenye unga kujidunga, wakiamini kwamba damu ile imebeba kileo cha kutosha kuwaondolea arosto. Kileo hakikuwamo kwa kadiri ya kufaa; virusi vya Ukimwi vilikuwamo. Na hata hivyo kitendo chenyewe kilikuwa kitendo cha ukarimu. Mwenye kidogo alimgawia asiye nacho, kama jirani na kibaba cha unga. Katika uchunguzi mmoja wa miaka hiyo, watu 42 katika kila 100 miongoni mwa waliopimwa jijini humo waliokuwa wakijidunga walikutwa na virusi hivyo.

Sheria ilijibu kwa lugha yake. Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya dawa za kulevya mwaka 1995, ikafuatwa na nyingine kali zaidi mwaka 2015, na mwaka 2017 ikaanza kazi Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Mwaka huo huo wa 2017 majina ya watu waliotuhumiwa yalisomwa hadharani jijini Dar es Salaam, na magazeti yakauzika sana. Kwamba mfanyabiashara wa tani moja ya heroini astahili kifungo kirefu, si jambo la kubishaniwa. Lakini teja, kama aitwavyo mtumiaji, hana cha kuogopa zaidi ya arosto yake. Vitisho vya kifungo havimfikii, ila humfundisha kujificha, na kujificha ndiyo mahali maradhi yake yanapostawi. Yeye amekwisha kutengwa na kileo. Sheria na jamii zikimtenga mara ya pili zinakisaidia kileo kumaliza kazi yake.

Jibu la pili lilianza taratibu na bila vishindo. Mwaka 2009 ilifunguliwa Zanzibar nyumba ya kwanza ya waliodhamiria kuacha, ikiongozwa na watu waliokuwa wenyewe watumiaji zamani. Humo watu hulala pamoja, hula pamoja, hufagia pamoja, na kila siku huketi katika duara kuzungumza habari zao mbele ya wenzao wasioweza kudanganywa, kwa kuwa uwongo wote wameusema wao kwanza. Mwezi Februari mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa iliyo jamii moja na heroini lakini ifanyayo kazi polepole, isiyompandisha mtu wala kumwangusha, ikampa siku nzima bila arosto. Huduma hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa za serikali katika bara la Afrika kusini ya Sahara. Ikafuata Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, kisha mikoa mingine, Mwanza ikiwamo.

Kanuni ya methadoni ni nyepesi kuieleza na ngumu kuifuata. Kwa kawaida mgonjwa huja mwenyewe kila siku, hupewa kikombe chake, hukinywa mbele ya muuguzi, husema neno ili ionekane kwamba amemeza, kisha huenda zake. Hupewa kwa mdomo ili sindano isahaulike, na hunywewa mbele ya macho ili dawa isije ikauzwa. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ni nauli ya daladala na saa moja ya asubuhi. Kwa mkulima wa vijiji vilivyoizunguka Somanda, ambaye hospitali yake ya karibu aifikia kwa baiskeli na ambaye Mwanza kwake ni safari ya kupanga, kikombe cha kila siku huko mjini ni jambo lisilowezekana, na zaidi katika miezi ya palizi na ya kuchuma pamba, ambapo siku moja ya kukosekana shambani huhesabiwa na mvua.

Kete imekwisha kupata njia ya kumfuata mtu hadi nyumbani kwake. Kikombe, kwa kanuni yake, humngoja mahali kilipo.